Nyama ya Mbawala Kabla ya Mechi

Mrefu aliingia koleji yetu, sekondari ya misheni, kwa sababu ya urefu wake, na hakuna aliyemficha jambo hilo. Padri Mkuu alimwona mara ya kwanza alipokwenda kubatiza upande wa Ntoto. Alikuwa amesimama nyuma kabisa kanisani, kichwa chake kikipita vichwa vyote kama mtu aliyepanda juu ya benchi. Padri akamuuliza kama anajua kusoma. Akajibu kwamba amemaliza shule ya msingi ya misheni. Wiki tatu baadaye akafika kwetu Masisi na sanduku la mbao kichwani, akapewa kitanda kisichomtosha, na kesho yake asubuhi Padri Mkuu akamsimamisha mbele yetu sote akatangaza masharti. Kifaransa chake ni kibovu, hesabu yake ni ya wastani, Kilatini hajawahi hata kukisikia. Atakaa nasi mwaka mmoja wa majaribio. Akiisaidia timu ya mpira wa kikapu, atapata muda wa kujifunza hayo mengine. Asipoisaidia, atarudi msituni.

"Umesikia?" Padri alimuuliza.

"Nimesikia, Padri."

Tangu siku ile kila mtu pale koleji alijua kwamba nafasi ya mrefu darasani imening'inia kwenye ile pete ya chuma. Yeye mwenyewe alijua kuliko sisi. Baba yake alikuwa mkulima na mwindaji, na katika kijiji chao hakuna mtoto aliyewahi kufika koleji. Alitaka kuwa mwalimu. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na jambo lenyewe.

Uwanja wetu ulikuwa umechongwa ubavuni mwa kilima. Upande wa juu palikuwa na ukuta wa udongo, upande wa chini hapakuwa na kitu. Seremala wa misheni alikuwa amekunja vyuma vya pipa kuwa pete na kuvipigilia kwenye mbao za mvule. Mpira ulikuwa mmoja. Ukitoka upande wa chini, uliteremka ukirukaruka hadi bondeni, kwenye malisho ya ng'ombe, na mara nyingine ulivuka kijito. Sheria yetu ilikuwa kwamba aliyeugusa wa mwisho ndiye anayeufuata. Padri aliipenda sheria hiyo. Alisema inajenga mapafu.

Sisi wa milimani tulijua kuitumia. Nahodha wetu, kijana mfupi mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi, alikuwa anamrushia mrefu mpira wa nguvu, chini kidogo ya magoti, ukingoni kabisa mwa uwanja. Mrefu aliugusa kwa vidole, ukaenda zake.

"Weye mti, shuka! Mupira unakuita!"

"Ukifika kule chini, salimia ng'ombe," mwingine aliongeza. "Wambie ni mara yako ya kwanza kuona nyama inatembea polepole."

Siku za kwanza alikuwa anajibu. "Kwetu nyama inakimbia, kaka. Njo maana tuko na miguu mirefu." Na sote tulicheka, hata yeye. Lakini alasiri moja ya baridi nilihesabu mara kumi na nne. Mara ya kumi na nne alipanda na mpira kifuani, akauweka miguuni pa nahodha kwa adabu, akaenda nyuma ya ukuta kutapika. Aliporudi, nahodha alikuwa tayari ameinua mkono kumrushia tena.

Mimi nilikuwa wa sita katika timu ya watu watano. Nilikaa kwenye jiwe, nikashika makoti ya wenzangu, nikawa na muda mwingi wa kuangalia. Ninaandika haya nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mahali ambapo watu hunisifu kwa kuuliza maswali. Koleji hawakunisifu. Katika somo la dini niliwahi kuuliza kuna tofauti gani kati ya Mkristo asiyekula nyama siku ya Ijumaa na bibi yangu asiyekula kwale.  Padri Mkuu alinipeleka nje nikapiga magoti kwenye changarawe hadi kengele ya saa sita.

Bibi hakula kwale kwa sababu kwale ni muziro wa ukoo wetu, yaani kile ambacho watu wa damu moja hawatii mdomoni. Mimi nilikuwa nimemla nikiwa na miaka kumi na miwili, nyuma ya migomba, peke yangu, nikangoja mwezi mzima. Hakuna kilichotokea. Kilichoniudhi ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kwa kuwa sikuwa na kazi uwanjani, Padri alinipa kazi ya kumfundisha mrefu Kifaransa kila siku baada ya kazi za shamba. Tulikaa kwenye ngazi za bweni na ubao mdogo magotini. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye hasira na makosa yake. Siku moja nilimwambia atunge sentensi kuhusu chakula. Akaandika polepole: sisi hatuli mbawala.

Mbawala ni yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni. Nilimuuliza kwa nini hawamli.

"Njo muziro yetu."

"Ukikula, inakuwa nini?"

"Ngozi inatoka madoa kama yake. Kisha meno inaanguka. Kisha muntu anakufa, ao anazaa batoto bapofu."

"Ulimuona nani?"

"Hakuna muntu anakulaka. Nitamuona nani?"

"Kama hakuna muntu anakulaka, munajua namna gani?"

Alicheka, akanipiga begani kwa ule mkono wake mrefu. "Weye unaulizaka kama Padri anaungamisha." Kisha akaacha kucheka, akaniambia nisimwambie nahodha, kwa sababu atapata jambo lingine la kumchezea. Nikamwambia sitamwambia.

Msimu ulianza baada ya mavuno ya maharagi. Tulikuwa timu tano za shule na kambi za Kivu, na mbili bora zingekutana Goma kugombea kombe. Mechi ya kwanza tuliicheza nyumbani, na shule ya walimu wa kando ya ziwa. Mrefu alikuwa hajui bado kukimbia na mpira, kwa hiyo tulimsimamisha chini ya pete na kumrushia juu. Aliweka tu, kama mtu anayeweka chungu rafuni. Tulishinda. Padri Mkuu alimshika shingo mbele ya wageni akasema kwa Kifaransa, "Hiki ndicho kilichotoka msituni," na mrefu, ambaye sasa alielewa, akatabasamu. Mechi ya pili tulishindwa ugenini. Mechi ya tatu ilikuwa Walikale, na makarani wa mgodi waliokuja kutoka upande wa Omate.

Tulisafiri siku nzima juu ya lori la misheni. Milima ilipungua, miti ikaongezeka, joto likatukaba. Wenzangu walivua makoti na kulalamika. Mrefu peke yake alikuwa ananyooka kila tulivyoteremka. Uwanjani watu wa Walikale walisikia kwamba kijana wao wa Ntoto yuko kati ya wageni, wakaanza kumshangilia kwa lugha yao, yeye adui, dhidi ya makarani wao wenyewe. Wanawake waliimba. Kila alipogusa mpira, uwanja ulilia. Nahodha aliacha kumpa mpira. Afadhali tushindwe, nilimsikia akimwambia mwenzake, kuliko huyu kuimbiwa. Lakini mpira unaogonga pete na kurudi haumwulizi nahodha. Mrefu aliuokota juu ya vichwa vyote, akaweka, akaokota tena, akaweka. Tulishinda kwa pointi mbili.

Kabla hatujaondoka nilizunguka sokoni. Mama mmoja alikuwa anauza nyama iliyokaushwa kwa moshi, mafungu meusi juu ya majani, na juu ya kila fungu ameacha mguu mmoja wa mnyama, na ngozi yake na kwato yake. Nilimuuliza kama miguu ile inauzwa.

"Hapana, mutoto wangu. Ile inakaa ili muntu aone ni nyama gani. Moto unafanya zote nyeusi, hapana? Hii ni nguruwe ya pori. Ile ni kima. Na hii hapa ni mbawala. Kila muntu na muziro yake. Usitoe mguu mbele ya kufika nyumbani, utaua muntu."

Nilinunua fungu la mbawala. Lori liliposimama kwenye daraja ili dereva aongeze maji, niliuchomoa ule mguu nikautupa mtoni. Mrefu alikuwa upande wa mbele, amelala, kichwa juu ya magunia.

Nahodha nilimwambia njiani habari ya muziro na ya ile nyama, nilipoona jinsi anavyomwangalia. Nataka niwe wazi: hakunilazimisha. Nilimwambia kama mtu anayetoa zawadi.

"Na akianguka kwenye uwanja?" aliuliza.

"Hataanguka."

"Na akianguka?"

"Basi tutakuwa tumejua."

Alinitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha kabla ya siku ile.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mechi ya mwisho ya nyumbani, na waseminari. Tukishinda, tunakwenda Goma. Siku za mechi wachezaji peke yao walipata nyama, saa sita, kwenye meza ya pembeni. Nilimpelekea mpishi lile fungu nikamwambia ni zawadi ya watu wa Walikale kwa timu. Akalipika na vitunguu na mafuta ya mawese hadi mchuzi ukawa mwekundu na mzito. Kila mtu kwenye meza ile alijua, isipokuwa mmoja.

Mrefu alivunja tonge la bugali, akasimama mkono ukiwa katikati. "Hii ni nyama gani?"

"Ng'ombe ya kukausha," nahodha alijibu bila kuinua macho. "Kula, mti. Waseminari banakula mayai kila siku, utawashinda na nini?"

Akala. Alikula kama wanavyokula watu wenye njaa ya miezi, kwa utulivu. Akasifu mchuzi. Akauliza kama kuna zaidi, na nahodha akachukua kipande kutoka sahani yake mwenyewe akakiweka kwenye ya mrefu, kwa upole kabisa, kama mama. Mmoja wetu alilazimika kutoka nje akijifanya anakohoa.

Alasiri ile mrefu alicheza kama sijawahi kuona mtu akicheza. Sisemi hivyo ili kuipamba hadithi. Ndilo jambo lililonikaa zaidi kichwani. Alikuwa amejifunza kukimbia na mpira, amejifunza kugeuka, na siku ile vyote vilikutana. Waseminari watatu walimzunguka, akapita. Hata nahodha alianza kumpa mpira, kwa sababu hapakuwa na jambo lingine la busara la kufanya. Nilikaa kwenye jiwe langu na makoti, nikiangalia ngozi yake, mikono yake, meno yake alipocheka. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa.

Baada ya mechi tulishuka kijitoni kuoga. Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi jaribio langu lilikuwa na maana gani kama nisingesema, na jibu ni kwamba lilikuwa limekwisha tayari. Nilikuwa nimejua nilichotaka kujua. Lakini nilitaka na wao wasikie, na zaidi ya wote asikie yeye.

"Angalia ngozi yako," nilimwambia.

"Iko na nini?"

"Haina kitu. Njo ninakuambia uangalie. Saa sita ulikula mbawala. Sasa ni saa kumi na moja. Umewafunga waseminari peke yako. Madoa iko wapi?"

Alicheka. Akatazama wengine ili wacheke naye. Nahodha akaweka viganja mdomoni akabweka, ile sauti fupi ya ukali ambayo mbawala huitoa kichakani akishtuka. Mrefu akaacha kucheka.

"Mulinipa nyama ya Walikale?"

"Ya sokoni."

"Mguu yake iko wapi?"

"Niliitupa kwa daraja."

Hapo ndipo alipoamini. Nilimwona akiamini. Bila habari ya mguu, angebishana nasi. Lakini hakuna mtu kwao anayeutupa mguu wa nyama isiyo na neno. Akatoka majini, akapiga magoti kwenye majani, akaingiza vidole kooni. Hakikutoka kitu ila mate. Saa tano zilikuwa zimepita.

"Ingiza mukono muzima, mti," nahodha alisema. "Uko na mukono mrefu, itafika."

Walicheka wote. Nami nilicheka. Kisha kengele ya sala ikalia, tukavaa haraka, tukapanda kilima, tukamwacha pale.

Sikutarajia yaliyofuata, ingawa mtu mwenye akili angetarajia. Siku ya pili alianza kujikuna shingoni. Siku ya nne palikuwa na alama, na kila mtu aliiona, na hakuna aliyeweza kusema kama ni ugonjwa au ni kucha zake. Muuguzi wa misheni alimpa dawa ya kupaka akasema ni sabuni. Alipunguza kula, kisha akaacha nyama kabisa, kisha akaacha chochote kilichopikwa kwenye sufuria za jikoni. Darasani nilimwona akipitisha ulimi juu ya meno, moja baada ya jingine, hadi mwisho, kisha akaanza upya. Mazoezini alisimama chini ya pete, mpira ukamwangukia kifuani.

Kwenye ngazi za bweni nilijaribu kumsaidia kwa njia niliyoijua.

"Ulicheza vizuri na ile nyama tumboni," nilimwambia. "Kama muziro ina nguvu, ingekuangusha siku ile. Haikukuangusha. Sasa unaogopa nini?"

"Siku ile sikujua."

"Basi hakuna nyama inayokugonjesha. Ni kule kujua."

"Ndiyo," alisema. "Na ni weye ulinijulisha."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananijibu tu, kama kwenye somo. Kisha akaniomba nimsahihishie barua ya Kifaransa kwa Padri Mkuu. Aliomba ruhusa ya siku saba aende kwa mjomba wake, ndugu ya mama yake, ambaye peke yake ndiye anayeweza kumwosha. Katika barua aliandika kwamba amekula kitu kisichofaa. Hakuandika ni nani aliyempa. Nilisahihisha makosa mawili nikamrudishia.

Padri Mkuu alimwitia uwanjani, mbele ya timu. Alikuwa mtu wa kusema mambo mbele ya watu.

"Mchezo wa Goma ni wiki mbili kutoka leo," alisema. "Hakuna anayetoka. Na ninajua ni nini mnafanya huko: mbuzi, majani, mate ya mzee. Umebatizwa. Ukienda kufanya mambo hayo umechagua, na ukirudi hutaukuta mlango."

"Padri, minakufa."

"Hakuna aliyekufa kwa kula. Uliza rafiki yako huyu, yeye hujua kila kitu."

Alinionyesha mimi. Mrefu akanitazama. Angeweza kusema pale pale, na sijui kwa nini hakusema. Labda aliona haifai. Labda alidhani nitasema mwenyewe. Nilikuwa nimeshika makoti.

Alfajiri ya siku ya tatu kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, sanduku lake likiwa bado chini yake. Alikuwa ameacha vitu vyake ili tujue kwamba atarudi. Kwa miguu, kutoka kwetu hadi kwao, ni siku mbili na nusu za mtu mzima mwenye afya.

Goma nilicheza mimi. Nilivaa viatu vya kitambaa vya mrefu nikajaza vitambaa kwenye ncha. Watu wa mjini walikuwa wamesikia habari za jitu la msituni, wakaja kuliona, wakaniona mimi.

"Jitu njo hili?" walipiga kelele. "Mulilipika, likanywea?"

Kila mpira uliorudi kutoka kwenye pete ulipita juu ya mikono yangu. Nilijaribu kutupa mara tisa na sikupata hata moja. Tulishindwa vibaya kiasi kwamba dakika za mwisho waliacha kuhesabu kwa sauti. Kwenye lori, tulipofika Sake, nahodha aligeuka akaniambia, "Tulikosea. Ile mbawala tungekupa weye," na hicho ndicho kicheko pekee cha safari ile.

Siku kumi na sita baada ya kuondoka, mrefu alirudi. Alikuja na baba yake. Tuliwaona kutoka darasani wakipanda kilima, mmoja mrefu na mwingine mrefu zaidi. Mrefu alikuwa amenyolewa nywele zote. Shingo yake ilikuwa safi. Alikuwa amenenepa kidogo, na alitembea kama alivyotembea siku ile ya Walikale.

Padri Mkuu aliwapokea kwenye baraza ya ofisi yake na akaita timu nzima. Alizungumza Kifaransa. Baba alijua lugha ya kwao na maneno machache ya Kiswahili, kwa hiyo mrefu alimtafsiria. Nilifurahi kimoyomoyo kusikia jinsi Kifaransa chake kilivyokuwa kizuri sasa. Alisema anajua ametoka bila ruhusa. Anaomba adhabu yoyote, afagie, alime, acheze, asicheze, ila arudi darasani amalize mwaka. Baba yake aliposikia hayo alimgusa mkono akasema neno kwa ukali, na mrefu akainamisha kichwa, kisha akaongeza kile ambacho hakuwa amekisema kwenye barua. Hakuila ile nyama kwa kupenda. Walimpa wenzake, wakamdanganya, na aliyeinunua ni mimi.

 Padri alikuwa mtu mkali, lakini alipenda mambo yawe sawa, na aliyapanga mbele yetu kama anavyopanga mistari ya uwanja.

"Sikilizeni. Kama mwanafunzi wangu alimpa mwenzake kitu hiki akijua, basi yeye ndiye aliyeivunja nyumba hii. Yeye ataondoka leo, na huyu atarudi darasani. Lakini kama hapakuwa na nyama yoyote ya mbawala, ikiwa ilikuwa ni utani tu wa vijana, basi huyu ametoroka na kwenda kwenye upagani kwa ajili ya upuuzi, na nilichosema nimesema." Akanigeukia. "Wewe unayeuliza kila kitu. Leo ninakuuliza mimi. Ilikuwa nyama gani?"

Wale wengine walitazama chini. Nahodha alitazama juu ya kichwa changu, mlimani. Mwezi uliofuata nilikuwa na mtihani ambao ungenipeleka mbele, na baadaye ulinipeleka hadi hapa ninapoandikia. Sikuwa na sababu nyingine. Nimeitafuta.

"Ng'ombe, Padri," nilisema. "Tulikuwa tunamchezea tu."

"Ni kweli?" Padri aliwauliza wengine.

"Ni kweli, Padri," nahodha alijibu. Na wengine wakaitikia, mmoja mmoja.

 Padri alimwambia mrefu akachukue sanduku lake. Baba yake alikuwa anamvuta mkono, anauliza, macho yake yakienda kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ilibidi mrefu amtafsirie. Alisema kwa lugha ya kwao maneno machache sana, na nilisikia ndani yake neno moja tu nililolijua, ng'ombe.

Nilidhani mzee atanipiga. Uso wake ulifunguka. Alikuja kwangu akichechemea kwa sababu ya njia, akachukua mikono yangu yote miwili katika yake, mikono migumu ya mtu wa mtego na panga, akaitikisa.

"Hakukula?" aliniuliza kwa Kiswahili chake. "Mutoto yangu hakukula?"

"Hakukula, papa."

"Asante. Asante, mutoto wangu. Mungu akuweke." Alikuwa analia na kucheka. "Mama yake halali. Ninaenda kumwambia. Hakukula!"

Mrefu alitoka bwenini na sanduku kichwani. Alipopita karibu yangu alisimama kidogo tu, hakuniangalia, akasema polepole kwa Kifaransa bila kosa hata moja, "Mwache aamini hivyo." Kisha akateremka.

Padri alituambia turudi darasani, lakini hakuna aliyetangulia. Tuliwaangalia wakipita kando ya malisho, mtoto mbele na baba nyuma. Baba aligeuka mara tatu, akainua mkono juu kabisa, akanipungia. Nami nikampungia.